Aliyepima Kichwa cha Gramafoni Yangu

Watu wengi wakianza kisa cha namna hii wanasema giza lilikuwa nene, bundi akalia, mbwa wakabweka. Mimi sina bundi wa kukupa. Ilikuwa saa saba ya mchana, sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na akili zangu nilikuwa nazo zote, nzuri na mbaya. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, si binamu yangu wala jirani wa shemeji. Kama ningetaka kudanganya, si ningetunga uongo wenye kunipamba? Kisa hiki hakinipambi hata kidogo. Sikiliza tu, utaona.

Enzi zile Mbelgiji alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa karani wa pamba kule Kabambare. Usicheke. Karani wa pamba alikuwa mtu mkubwa. Kila mwanaume kijijini alilazimishwa kulima pamba, apende asipende, na msimu ukifika walibeba vitunga kichwani mpaka soko la pamba. Soko lenyewe lilikuwa banda la nyasi lisilo na kuta, mizani katikati, na mimi juu ya kiti. Mkulima anamwaga pamba yake kwenye mkeka, mimi naingiza mkono, nageuza, nasema neno moja. "Ya kwanza." Au "Ya pili." Ya kwanza ni nyeupe, kavu, haina majani. Ya pili ni yote yaliyobaki. Neno hilo moja ndilo lilikuwa msimu mzima wa mtu yule, na mke wake, na watoto wake waliovuna mpaka ncha za vidole zikachanika.

Wajua jioni tulifanya nini? Lundo la kwanza na lundo la pili yalipakiwa ndani ya lori moja. Nililiona kwa macho yangu misimu minne. Mzungu wa kampuni alikuja na kofia yake, akatuuliza, "Mbona ya kwanza iko mingi hivi? Munalala?" Karani aliyebana mkono alipewa zawadi mwisho wa msimu. Aliyelegeza alirudishwa kijijini kushika jembe. Mimi nilibana, tena nilibana kuliko wenzangu.

Kwa zawadi hiyo nilinunua kichwa cha kwanza.

Nikueleze, maana siku hizi watu hawajui tena. Gramafoni za zamani zilikuwa za kuzungusha kwa mkono, na sindano ya chuma nzito ikikwangua sahani ya muziki kama kuku anayechakura. Wimbo ukiupiga mara thelathini umekwisha, umebaki unga mweusi. Kisha ukaja mtambo wa namna mpya. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mbele ya mkono kuna kichwa kidogo, hakipiti kiungo cha kidole gumba, chenye sindano ya jiwe linalong'aa. Kichwa hicho kinaunganishwa kwa waya na redio ya betri, na sauti inatokea kwenye redio, laini, kama mwimbaji amekaa chumbani kwako anakunywa chai. Mtambo nilikuwa nao. Redio nilikuwa nayo. Kilichobaki ni kichwa, na kichwa peke yake kilikuwa na bei ya baiskeli mpya. Katika Kabambare nzima ni daktari Mzungu tu aliyekuwa nacho. Mimi nilitaka kuwa wa pili. Nilitaka watu wapite mbele ya nyumba yangu wasimame.

Kiliuzwa Kasongo, katika duka la Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Miwani. Ukitoka Kabambare kwa baiskeli ni siku mbili, tatu mvua ikinyesha. Nilikwenda, nikalipa, nikarudi. Kichwa kile cha kwanza sindano yake ilikuwa imelala upande, kama jino la mzee. Mke wangu Feza aliposikia sauti yake aliweka mikono masikioni.

"Baba watoto, hicho kitu kinaimba ao kinachinjwa?"

Kilichana sahani mbili kabla sijakubali kwamba kosa halikuwa langu. Nikapanda baiskeli tena. Bwana Miwani alikishika kwa vidole viwili, akakitazama, akanitazama mimi.

"Wewe naangusha," akasema.

"Hapana, Bwana. Sikukiangusha."

"Watu nyeusi naangusha kila kitu. Ongeza nusu, nakupa ingine."

Nikaongeza. Ningefanya nini? Ningempeleka kwa nani?

Cha pili kiliimba vizuri siku kumi na mbili. Ilikuwa mwanzo wa mvua. Siku ya kumi na tatu sauti ikaanza kupungua, kama mtu anayekwenda huku anaimba, anapanda kilima, anashuka upande wa pili, humsikii tena. Nikakipeleka kwa Frère mmoja, bruda wa misioni, fundi wa saa na pikipiki, mtu mwema kwa kiasi chake. Akakifungua kwa kisu chembamba, kisha akaniita nitazame. Ndani mlikuwa na kipande kidogo cheupe kilichokuwa kinalia maji.

"Ni chumvi," akasema. "Ndiyo inayotoa sauti. Joto na unyevu vinaiyeyusha. Kule Ulaya haina shida."

"Na waliotengeneza hawajui kama huku ni joto?"

Akacheka kidogo, bila furaha. "Wanajua. Wana namna nyingine, ya nchi za joto. Lakini wewe unafikiri huku wanaleta ile nzuri? Wanaleta yale mabaki."

Usiku ule sikulala kwa hasira. Mabaki! Mimi, mtu niliyevaa viatu, niliyejua kuandika Kifaransa, niuziwe mabaki kwa bei ya kitu kizima! Niliwatukana wote: walionitengenezea, walionipakilia, aliyeniuzia. Feza alinisikiliza mpaka akachoka. Sasa nikueleze jambo lingine, maana bila hilo hutaelewa. Ndani ya miezi hiyohiyo kulikuwa na mtu wa kijiji cha Wamaza aitwaye Sumaili.

Sumaili alikuwa mkulima mzuri, kila mtu alisema hivyo. Msimu mmoja nikaingiza mkono katika pamba yake, nikasema "ya pili" bila kufikiri, maana hesabu ya siku ile ilitaka hivyo. Wengine husikia, hunyamaza, huondoka. Yeye akasema kwa sauti, mbele ya watu wote: "Karani, macho yako uliacha kwa bibi yako?" Banda zima likacheka. Hata askari alicheka. Mimi sikuinua uso. Makarani hatukutazama nyuso; tulitazama mikeka. Lakini nililishika jina lake kwenye kikaratasi chake cha mizani, na nikalitunza. Alipoleta pamba mara ya pili, nikasema ya pili. Mara ya tatu, ya pili. Pamba ile ilikuwa nyeupe kama jino la mtoto, Mungu ananisikia.

Mtu akipata ya pili mara tatu, kiongozi wa mashamba anaandika kwamba amepuuza shamba. Akipuuza shamba, anafungwa. Sumaili alifungwa Kabambare, akachapwa fimbo, akalazwa juu ya saruji yenye maji. Akatoka na kikohozi. Kabla ya mahindi kukomaa alikuwa amezikwa. Habari ya kifo chake waliniletea ofisini nikiwa nafungua kifurushi cha kichwa cha kwanza, na nakuambia ukweli: nilisema "masikini," nikaendelea kukata kamba.

Basi nikaenda Kasongo mara ya tatu. Safari hii nilikwenda nimejifunza maneno. Nilimwambia Bwana Miwani kuhusu chumvi, nilimwambia kuhusu namna ya nchi za joto. Akakasirika kwa sababu nilijua. Mwishowe akafungua kabati, akatoa kiboksi kingine.

"Hii imepimwa," akasema. "Ndani iko karatasi. *Contrôlé*. Wewe najua kusoma?"

"Nasoma, Bwana. Tukisikilize kwanza hapa, kabla sijakichukua."

"Duka yangu haiko nyumba ya dansi."

Kisha nikaona. Kiboksi hakikuwa na karatasi yoyote ndani. Bwana Miwani akavuta droo, na ndani ya droo mlikuwa na rundo la karatasi ndogo, zote zimekwisha kupigwa muhuri, neno lilelile, *contrôlé*, *contrôlé*, *contrôlé*. Akachukua moja juu ya rundo kama anachukua kibiriti, akaisukuma ndani ya kiboksi, akafunga. Hakujificha hata kidogo. Kwa nini ajifiche? Kwa ajili yangu?

Niliona yote hayo. Nikakichukua. Utaniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza miaka mingi. Nafikiri ni kwa sababu ile droo haikunishangaza. Hata mimi nilikuwa nayo, mdomoni.

Siku ya pili ya kurudi, nilikuwa nimekwisha kupita Lusangi, mvua ikanikuta. Si mvua ya kusema utaivumilia. Ilipiga njia mpaka udongo ukaruka magotini. Nilivua shati, nikakifunga kiboksi ndani, nikakikumbatia, nikasukuma baiskeli kwa mkono mmoja. Mbele nikaliona banda la soko la pamba. Msimu ulikuwa umekwisha zamani, banda lilikuwa tupu, nyasi zimeota pale mizani inaposimama. Nikaingia nikikimbia.

Halikuwa tupu. Chini, karibu na nguzo ya katikati, mwanaume alikuwa amekaa amevaa kofia ya ukindu, na mbele yake kitunga kilichojaa pamba mpaka juu.

"Jambo yako, Karani," akasema.

"Jambo, baba. Hata wewe mvua imekukamata?"

"Mimi, mvua hainikamate tena."

Nilidhani anamaanisha amewahi kufika. Nikajipangusa, nikakaa. Kila nikimkumbuka najiuliza kwa nini sikuona mapema. Nguo zake zilikuwa kavu. Banda halina kuta, upepo ulikuwa unatupa maji mpaka katikati, mimi nilikuwa nalowa palepale nilipokaa. Yeye alikuwa mkavu, na pamba yake kavu. Na pamba, mwezi ule? Mwezi ule mbegu ndiyo kwanza ziko ardhini! Lakini mtu mwenye kiburi haoni haraka. Nilifikiri ni mzembe mmoja aliyechelewa kuuza.

"Ni kitu gani unakumbatia sawa mutoto?" akauliza.

Sikuweza kujizuia. Unajua mtu mwenye kidonda anavyoonyesha kidonda. Nikafungua shati, nikafungua kiboksi, nikamsimulia yote: sindano iliyolala, chumvi iliyoyeyuka, Bwana Miwani na droo yake. Nikamwambia jinsi ilivyo dhambi kumuuzia mtu kitu bila kukipima. Nilitumia neno hilo hasa, dhambi. Yeye alisikiliza, akikohoa mara moja moja kwa mkono mdomoni, kwa adabu.

"Masikini," akasema nilipomaliza. "Lete nikupimie."

"Baba, hivi si vitu vya shamba."

"Lete tu."

Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Alikiweka kwenye kiganja, akakigeuza, akakinusa, akapitisha kidole juu ya sindano polepole kama mtu anayepapasa jicho la kifaranga. Akakiweka sikioni. Kisha akanirudishia.

"Ya pili," akasema.

Nikacheka kwa hasira. "Wewe unajua nini ya vitu hivi? Ulikwisha kuwa na gramafoni?"

"Na wewe, ulikwisha kulima?"

Mvua ilikuwa inapiga nyasi za paa. Akakisukuma kitunga mbele yangu kwa mguu.

"Basi na mimi nipimie yangu."

Sikiliza sasa. Niliingiza mkono huu wa kuume. Katika misimu yangu yote sikuwahi kugusa pamba ya namna ile. Nyuzi ndefu, safi, na joto ndani yake kama yai lililotoka kutagwa sasa hivi. Ilikuwa ya kwanza ya za kwanza. Na mdomo wangu ukasema wenyewe, kabla sijauambia kitu:

"Ya pili."

"Juu ya nini?"

Hakuna mkulima aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikatafuta sababu. "Iko na majani," nikasema.

"Nionyeshe jani moja."

Nikatafuta jani. Nikageuza pamba ya juu, nikageuza ya katikati, nikazamisha mkono mpaka kiwiko. Hakuna jani. Nikazamisha zaidi, maana aibu ilikuwa imenishika, nataka jani moja tu, hata kipande kidogo kama mguu wa mende. Mkono ukaingia mpaka bega. Niamini ninachokuambia: kitunga kile hakikufika hata gotini mwangu kwa kimo, lakini mkono wangu wote ulikuwa ndani yake, shavu langu limelala juu ya pamba, na vidole vyangu bado havijagusa chini. Na kule chini hapakuwa na joto tena. Palikuwa na baridi ya saruji yenye maji.

Halafu mkono ukanishika.

Si mnyama, si nyoka. Ulikuwa mkono wa mtu, mgumu, wenye sugu za jembe. Haukunivuta. Ungenivuta ningepiga kelele, ningepigana. Ulinishika kwa utulivu, ukaanza kupapasa vidole vyangu, kimoja baada ya kingine, kwa dole gumba, ukibonyeza ncha, ukigeuza. Ulikuwa unanipima. Mimi ninajua upimaji ulivyo. Nilifanya kazi hiyo misimu minne. Na yeye alikuwa amekaa mbele yangu, mikono yake yote miwili iko juu ya magoti, naiona.

"Mikono laini," akasema. "Haina alama ya kazi. Hii ni ya kwanza."

Kisha akavua kofia, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Uso wa mtu wa kawaida, wa miaka arobaini hivi, macho yamechoka. Sikuwa nimewahi kuuona, kwa sababu sikuwa nimewahi kutazama.

"Ni mimi Sumaili wa Wamaza," akasema. "Wewe unamulalamikia Muzungu wa duka, anakuongezea bei. Mimi nilikulalamikia wewe, uniambie, ulinifanya nini?"

Nilitaka kusema nisamehe. Neno hilo nilikuwa nalo, lilifika mpaka kooni. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Walituagiza."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeongezewa kitu kidogo sana juu ya mizani. Mkono ule ukaniachia. Nikaanguka nyuma, kitunga kikabaki wima. Akakohoa, kikohozi kirefu kilichomkunja, akainama, akakipandisha kitunga kichwani, akatoka kwenda upande wa Wamaza. Alitembea katikati ya mvua na mvua ikawa inapita palepale alipokuwa, kama hakuna mtu. Udongo wa njia ulikuwa laini kama uji. Nilikwenda kuangalia. Nyayo zilizokuwepo zilikuwa zangu tu, za kuingia.

Kiganjani mwangu kilibaki kishungi cha pamba. Nilikiona. Sikukihisi.

Nilifika Kabambare kesho yake. Sikumwambia Feza kitu. Alinikuta nimekaa namwaga maji ya moto juu ya mkono, nikitazama ngozi inavyokuwa nyekundu, akapiga ukelele akaninyang'anya birika. Jioni majirani walikuja, maana walijua nimetoka Kasongo, na watu walikuwa wamesubiri muziki ule mwaka mzima. Nikafunga kichwa kipya kwenye mtambo. Feza ndiye aliyeshika waya, mimi vidole vilikataa.

Na kikaimba! Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Kilikuwa kizuri. Kati ya vyote vitatu, hicho ndicho kilikuwa kizima, safi, cha kwanza kabisa. Gitaa lilitoka kama maji ya kijito, ungeweza kuhesabu nyuzi. Watu walinyamaza uani. Feza alisimama mlangoni, akaanza kucheza polepole, peke yake, amefumba macho. Sumaili alinidanganya kuhusu kichwa kile kama mimi nilivyomdanganya kuhusu pamba yake. Aliniambia ya pili, bila sababu, na yeye akijua ni ya kwanza.

Wimbo ulipokwisha watu wakaomba mwingine. Nikanyoosha mkono kuinua ule mkono mwepesi wa mtambo. Mtu mwenye vidole hai anajua anabana kiasi gani. Mimi sikujua. Nilisikia *tak*, kama mtu amekanyaga konokono. Nilipofungua vidole, kichwa kilikuwa vipande vitatu, na sindano ya jiwe imeingia ndani ya nyama yangu, damu inatoka, nami sina habari. Kiliimba wimbo mmoja tu. Mmoja.

Msimu wa pamba ulipofika nilikaa kwenye kiti kama kawaida, nikaingiza mkono, na ilikuwa kama naingiza kijiti. Unyevu sikuujua, ukavu sikuujua. Siku ya tatu nilipokea kitunga kilicholoweshwa maji ili kiongezeke uzito, na mkulima mwenyewe alipoona nimesema "ya kwanza" alishindwa kujizuia akacheka. Mzungu wa kampuni alinifukuza palepale mbele ya watu. Hakuniuliza mkono wangu una nini. Kwa nini aulize?

Nikaenda Wamaza. Nilikwenda kwa miguu, maana breki za baiskeli sikuweza tena kuzibana kwa hakika. Nilimkuta mjane wa Sumaili, Mama Zaina, anatwanga muhogo. Nilipiga magoti uani kwake. Nilimwambia yote: ya pili mara tatu, banda, mvua, kitunga, mkono. Alinisikiliza huku mchi umesimama kinuni. Nilidhani atanimwagia maji machafu. Nilidhani ataita wanaume. Nilikuwa tayari kwa yote hayo, na nadhani ningeyapenda.

Akauliza tu, "Alikuwa anavaa kofia?"

"Ndiyo, mama. Ya ukindu."

"Ni mimi nilimushonea." Akakaa chini, polepole, juu ya mgongo wa kinu kingine kilichovunjika. "Kwangu hajakuja hata siku moja. Ninalala na mulango wazi. Hata ndotoni hakuji. Na wewe, karani, hata alipokufa, ni wewe unamupata mbele yangu?"

Akasimama, akashika mchi, akaendelea kutwanga, na sikumsikia tena akisema neno mpaka nilipoondoka. Ningekupa chochote kama angenitukana.

Mbelgiji aliondoka, wengine wakaja, wakaondoka. Mkono haukurudi. Nimeuzoea, kama unavyomzoea mpangaji asiyelipa. Lakini miaka miwili iliyopita binti yangu aliniachia mtoto wake akaenda sokoni. Mtoto alikuwa amelala, anahema haraka. Nikamwekea mkono kwenye paji. Binti aliporudi akaniuliza, "Baba, mutoto iko namna gani?" Nikamjibu bila wasiwasi, "Mzima. Hana kitu." Ulikuwa mdomo uleule, na sauti ileile ya banda la pamba. Yeye akamgusa, akapiga yowe. Mtoto alikuwa anawaka kama jiko. Walikimbia naye hospitali, alipigwa sindano siku tisa, akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini tangu siku hiyo binti yangu, akimleta mtoto kunisalimu, anamshika yeye mwenyewe kiunoni, anasimama naye mlangoni. Anasema, "Musalimu babu," na mtoto ananipungia kwa mbali.

Nimekwisha. Unaweza kuamini, unaweza kukataa. Hasara si yako. Ila kama umepewa kiti, na watu wanaleta jasho lao mbele yako wakisubiri neno lako moja, basi kabla ya kulisema inua macho umtazame mtu usoni. Mtazame angali hai, na jua linamwakia. Ukingoja akutafute yeye, atakutafuta wewe tu, na wanaompenda watabaki wamelala na milango wazi.